Lugha isiyodai nafasi katika tarakilishi haipewi

Imeenea dhana miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu kwamba tarakilishi ni chombo kisichopendelea lugha yoyote. Dhana hiyo si sahihi. Tarakilishi huandika lugha ambazo wenyewe walidai ziandikwe, na historia ya kadi moja ya michoro yatosha kulithibitisha jambo hili.

Kampuni ya IBM ilipotoa tarakilishi yake ya kibinafsi mwaka 1981, mnunuzi alikuwa na hiari ya kadi mbili za kuonyesha kazi yake kiwamboni. Ya kwanza ilitoa maandishi safi, mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja, lakini haikuonyesha chochote ila alama 256 zilizokwisha kutiwa ndani yake kiwandani. Ya pili ilimruhusu mtu kuchora nukta kwa nukta, ila nukta zenyewe zilikuwa haba: 640 kwa upana na 200 kwa kimo. Mwandishi wa Kiingereza hakuona dhiki yoyote, kwani herufi zake ni chache na kila moja husimama peke yake.

Aliyeona dhiki ni Van Suwannukul, msomi aliyetaka kuandika tasnifu yake ya uzamifu kwa herufi za Kithai. Kithai huweka irabu na alama za toni juu na chini ya konsonanti, na nukta 200 za kimo hazikuweza kuzibeba alama hizo zikasomeka. Msomi huyo hakuihama lugha yake, aliigeuza mashine. Mwaka 1982 kampuni ya Hercules, aliyoianzisha pamoja na mwenzake, ilitoa kadi yenye nukta 720 kwa 348, yaani zaidi ya 250,000, karibu maradufu ya zile za awali. Wahasibu waliotumia programu ya Lotus 1-2-3 wakaikimbilia kadi hiyo kwa ajili ya majedwali na chati zao, na viwanda vingine vikaiiga. Haja ya lugha moja ya Asia ilikuwa imewanufaisha watu wa mbali kabisa nayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Je, sisi wa pwani tuliinama? Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, ni wa enzi hiyo. Mwaka 1940 William Hichens alipochapisha diwani yake huko Johannesburg, aliitoa kwa herufi za Kirumi. Miswada ya Kiswahili ya hati ya zamani imehifadhiwa London na Dar es Salaam, lakini wajukuu wa walioiandika, hapa Likoni, Kisauni na Changamwe, wengi wao hawawezi kuisoma.

Hati hiyo, sawa na ya Kithai, huweka irabu juu na chini ya herufi. Zaidi ya hayo, herufi zake hushikana na kubadili umbo kufuatana na mahali zilipo katika neno, na nukta ndiyo inayozitenga: ziondolee nukta ba, ta na tha, nazo zitakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kiwambo chenye nukta haba hakikuifaa. Lakini kizuizi hicho kilianza kuondoka tangu mwaka 1982, na mwaka 1987 kadi ya VGA ilifikisha nukta 640 kwa 480. Mashine iliweza, madai yetu ndiyo yaliyokosekana. Kwa kuwa Kiswahili cha herufi za Kirumi hakihitaji alama yoyote ambayo Kiingereza hakina, tuliipokea tarakilishi kama ilivyokuja, tukadhani tumekamilika.

Wako watakaopinga kwamba hati hiyo ina kasoro, na kasoro inayo: ba moja ya zamani iliweza kusomwa b, p au mb. Lakini kasoro ya hati hurekebishwa na wenye hati. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, akishirikiana na P.J.L. Frankl, alichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya mfumo kamili wa kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wengine watasema hilo ni suala la dini. La hasha! Barua za biashara, nyaraka za mali na mashairi ya siasa na mapenzi yaliandikwa kwa hati hiyo hiyo. Wala sidai kwamba tuziache herufi za Kirumi, ambazo zimeieneza lugha hii hadi Kongo.

Ninalodai ni dogo. Katika bara ya Mombasa wapo watoto wengi ambao kutwa husoma herufi za Kirumi shuleni na jioni za Kiarabu madrasani, bila mtu kuwaonyesha kwamba mikono yote miwili yaweza kuandika lugha yao. Orodha ya herufi ya Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, inayo hata pe ya nukta tatu. Simu nyingi za bei nafuu zina nukta zaidi ya milioni moja, mara nne ya kadi ile ya Hercules. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa madrasa wa mtaa mmoja wakae pamoja. Wanafunzi waulize nyumbani iwapo zipo barua za mababu masandukuni, wazinakili kwa hati zote mbili, na walimu wanaofunzwa katika chuo cha Shanzu wapewe kazi hiyo kama zoezi la lugha.

Karatasi haisubiri, mchwa na unyevu wa pwani vinaimaliza kila mwaka. Tukikawia, tutakuwa na viwambo vinavyoweza kuonyesha kila herufi, na hatutakuwa na lolote la kuandika juu yake.