IMANI NA KATIBA: ZAMBIA INATUFUNDISHA NINI?



Liko swali ambalo huulizwa viwandani na mashambani kila mazungumzo yanapogusa siasa: nchi ikitangazwa kuwa nchi ya Kikristo, je, hali ya mfanyakazi itakuwa afadhali? Wako wenzetu wanaojibu ndiyo bila kusita. Husema kwamba kiongozi amchaye Mungu hawezi kumdhulumu mtu wa chini. Wengine hujibu hapana, wakasema dini ibaki kanisani na siasa ibaki bungeni. Sisi hatuoni kwamba jibu lolote kati ya hayo mawili linatosha. Twaona ni bora kuitazama nchi iliyokwisha kulijaribu jambo hili, tena nchi jirani, ambayo reli ya TAZARA imeiunganisha na bandari ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Nchi hiyo ni Zambia.

Tunaichagua Zambia kwa sababu nyingine pia. Mtu aliyetangaza kuwa Zambia ni taifa la Kikristo hakuwa askofu wala tajiri. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mwenzetu kabisa. Kwa hiyo habari hii inatuhusu.

Mwenzetu aingia Ikulu

Frederick Chiluba alianza kuongoza Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Zambia, ZCTU, mwaka 1974. Wakati huo nchi ilikuwa na chama kimoja tu cha siasa, UNIP, chini ya Rais Kenneth Kaunda. Mwaka 1981, baada ya migomo katika mkoa wa shaba wa Copperbelt, Chiluba na viongozi wenzake kadhaa walitiwa kizuizini. Waliotoka hawakutoka kwa huruma ya mkubwa yeyote. Mahakama ndiyo iliyowafungulia mlango, kwa kuona kwamba kizuizi kile hakikuwa halali. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Juni 1990 bei ya unga wa mahindi ilipandishwa, ghasia zikazuka, na watu wakafa. Madai ya kurudisha vyama vingi yakawa makali. Ndipo makanisa yalipofanya kazi ambayo hatuna budi kuisifu. Maaskofu Wakatoliki waliandika barua ya kichungaji mwaka huo wakieleza shida za wananchi na makosa ya utawala. Julai 1991, pande mbili zilipokuwa hazisikilizani, Kaunda na Chiluba walikutanishwa katika Kanisa Kuu la Anglikana la Msalaba Mtakatifu mjini Lusaka, wakazungumza habari ya katiba mpya. Uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 1991. Chiluba na chama chake cha MMD walishinda kwa kura nyingi sana, na Kaunda akakubali kushindwa.

Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Desemba 1991, Chiluba alisimama Ikulu akatangaza kwamba Zambia ni taifa la Kikristo. Bunge halikuwa limelijadili jambo hilo. Watu wengi walishangilia. Katika nchi ambayo Wakristo ni wengi sana, na ambayo ilikuwa imechoka na njaa ya unga, ilionekana kwamba siku mpya imepambazuka.

Yaliyofuata

Hatusemi kwamba kila baya lililofuata lilitokana na tangazo lile. Migodi ilikuwa na hasara tangu zamani, bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na deni la nchi lilikuwa kubwa. Serikali yoyote ingepata taabu. Lakini tuyatazame matendo.

Shirika la ndege la Zambia Airways lilifungwa mwaka 1994. Migodi ya shirika la umma la ZCCM iliuzwa vipande vipande kati ya mwaka 1997 na 2000. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na pamoja na kazi yakapotea matibabu na huduma nyingine ambazo mgodi ulikuwa ukizitoa kwa familia zao. Wafanyakazi wengi walisita kupiga kelele. Wangempigia kelele nani? Aliyekuwa Ikulu alikuwa mtu wao, tena mtu wa sala.

Machi 1993 serikali ya Chiluba ilitangaza hali ya hatari na kuwaweka kizuizini wapinzani. Mtu aliyeokolewa na mahakama mwaka 1981 sasa alitumia silaha ileile iliyotumiwa dhidi yake.

Mwaka 1996 katiba ilirekebishwa. Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Katika dibaji liliandikwa kwamba Zambia ni taifa la Kikristo, na kwamba kila mtu atabaki na uhuru wa dhamiri na dini. Lakini marekebisho hayohayo yaliweka sharti kwamba anayegombea urais lazima baba na mama yake wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Kila mtu alijua sharti lile linamlenga nani. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na baba yake alikuwa mhubiri wa misheni. Basi kitabu kilekile kilichomtaja Kristo katika ukurasa wa kwanza kilimfungia mlango mtoto wa mhubiri katika kurasa za ndani.

Mwaka uliofuata, baada ya jaribio la kuipindua serikali mwezi wa Oktoba, Kaunda alikamatwa. Siku aliyokamatwa ilikuwa tarehe 25 Desemba 1997, Sikukuu ya Krismasi. Aligoma kula gerezani. Mwalimu Julius Nyerere alisafiri kwenda kumwona, akamsihi aache mgomo ule, naye akakubali. Baadaye mashtaka yalifutwa. Hatumtetei Kaunda kwa yote aliyoyafanya. Yeye mwenyewe aliwatia watu kizuizini alipokuwa na madaraka. Tunachosema ni kwamba tangazo la mwaka 1991 halikumzuia mtawala hata siku ile ambayo Wakristo wote huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana wao.

Makanisa yasimama tena

Mwaka 2001 muda wa Chiluba ulikuwa unakwisha. Katiba ilimruhusu vipindi viwili tu vya miaka mitano mitano, na wafuasi wake wakaanza kudai aongezewe cha tatu. Hapo ndipo tuliona kazi ya kweli ya imani katika maisha ya taifa.

Maaskofu Wakatoliki, Baraza la Makanisa la Zambia na Umoja wa makanisa ya Kiinjili waliungana na chama cha wanasheria na vyama vya wanawake. Umoja huo ukaitwa Oasis Forum. Watu walivaa utepe wa kijani kuonyesha kwamba wanakataa kipindi cha tatu. Wabunge na hata mawaziri wa chama tawala walimpinga kiongozi wao. Mwezi wa Mei 2001 Chiluba alitangaza kwamba hatagombea.

Tazameni basi. Makanisa hayakumwambia Rais kwamba kwa kuwa ametangaza taifa la Kikristo basi atawale milele. Yalimwambia kwamba ahadi ni ahadi, na katiba ni ahadi ya taifa zima. Katika Biblia, Mfalme Daudi alikuwa mpakwa mafuta wa Mungu, lakini alipomnyang'anya Uria mke wake na kumtoa auawe, nabii Nathani alimwendea akamweleza kosa lake uso kwa uso. Kazi ya Nathani haikuwa kumvika Daudi taji la pili.

Ibara na dibaji

Mwaka 2016 Zambia ilirekebisha tena katiba. Dibaji ilirudia kusema kwamba nchi ni taifa la Kikristo, na uhuru wa dini ukalindwa. Lakini ibara ya 4 inaitaja Zambia kuwa nchi ya makabila mengi, dini nyingi na vyama vingi. Mwaka huohuo, tarehe 11 Agosti, wananchi walipigiwa kura ya maoni sura mpya ya haki, ambayo ingeongeza haki za kiuchumi na kijamii. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema hapana. Hata hivyo kura ile ilianguka, kwa sababu waliojitokeza hawakufika nusu ya wenye haki ya kupiga kura, kama sheria ilivyotaka.

Ndugu zetu, jambo hilo linatuuma. Neno la Ukristo liliingia katika dibaji bila taabu. Haki za mtu wa chini zilibaki nje ya mlango. Baadaye, mwaka 2019, ulipelekwa Bungeni mswada nambari 10, ambao pamoja na mambo mengine mengi ulitaka kulitia nguvu zaidi neno la Ukristo katika katiba. Waliokuwa mbele kuupinga walikuwamo maaskofu Wakatoliki wenyewe. Waliona kwamba jina la Mungu haliwezi kuwa sukari ya kumezea dawa mbaya. Mswada ule haukupata kura za kutosha, ukaanguka Oktoba 2020.

Nchi nyingine za jirani zimechukua njia nyingine. Katiba ya Tanzania inasema kwamba nchi haina dini, ingawa wimbo wa taifa unaanza kwa kumwomba Mungu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu katika dibaji, kisha ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Raia wa nchi hizo hawapungukiwi imani. Makanisa yamejaa Jumapili na misikiti imejaa Ijumaa.

Msimamo wetu

Watakuwako watakaotuambia: lakini tangazo lile linatupa nguvu ya kuwadai viongozi waishi kwa maneno yao. Ni kweli, na asiyeona haya kulitumia kwa njia hiyo alitumie. Lakini mfanyakazi anayefukuzwa kazi kwa sababu ya kugoma hawezi kwenda mahakamani na dibaji mkononi. Nchini Zambia atakwenda na ibara ya 21 ya katiba, inayompa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi ili kulinda masilahi yake. Ibara humfunga mkubwa mikono. Tangazo humfunga pale tu mwenyewe anapotaka kufungwa.

Tena tusisahau kwamba kwenye zamu moja tumo wa dini mbalimbali. Anayeshika mashine pamoja nawe huenda ni Mwislamu, na anayekata miwa katika mstari wako huenda hana dini yoyote. Mshahara wenu ni mmoja, na mashine ikikata kidole haiulizi kwanza mtu amebatizwa au la. Mwajiri akiona tumegawanyika kwa dini atafurahi, maana hatalazimika kutugawanya yeye. Sote tumewahi kumwona mnyapara anayeanza zamu kwa sala, kisha jioni anapunguza hesabu ya kazi tuliyoifanya. Sala yake hatuigusi. Hesabu yake ndiyo tunayoidai. Na Mkristo miongoni mwetu ana haki ya kumkumbusha kwamba Yakobo, katika waraka wake, aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji unamlilia Mungu.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, kila tawi liwe na nakala ya katiba ya nchi, nayo isomwe mikutanoni ibara kwa ibara, katika lugha ambayo wanachama wanaielewa. La pili, mgombea yeyote akija kwetu na Biblia, au na msahafu, tumkaribishe kwa heshima, kisha tumwulize atafanya nini juu ya kima cha chini, usalama kazini na haki ya kugoma. La tatu, na hili ndilo gumu, mwenzetu akipata madaraka tusimwache bila kumwangalia kwa sababu tu alitoka kwetu. Wafanyakazi wa Zambia walimpeleka mtu wao Ikulu. Miaka kumi baadaye ilibidi wananchi wavae utepe wa kijani ili atoke kwa wakati.

Mwaka 1981 Chiluba alipokuwa kizuizini, bila shaka wake zetu na mama zetu wengi walimwombea. Walifanya vema. Lakini mlango ulifunguliwa na sheria, na hakimu aliyekuwa na moyo wa kuifuata. Sisi tunaamini vyote viwili vinahitajika. Tusali, ndugu, kila mtu kwa imani yake. Na tukisha kusali, tuifungue katiba tusome.