Ilunga anatafutwa kwenye herufi gani?

Hapa Kamina, ukiita "Ilunga!" sokoni, watu kadhaa watageuka. Ni jina la zamani, la tangu wafalme wa Waluba kama Kalala Ilunga. Lakini kwenye orodha za kompyuta jina hilo lina taabu yake, na wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia makwao.

Orodha ikichapwa kwa herufi za Arial, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile. Anayeandika akibonyeza l mahali pa I, jicho litasoma Ilunga bila kushtuka. Kompyuta haisomi kwa jicho. Ikipanga majina, inamtupa mama huyo kwenye L, baada ya kina Kyungu. Siku ya kugawa unga, karani anaandika Ilunga vizuri kabisa, na mashine inajibu hayupo. Foleni inasukuma nyuma. Mama anaambiwa arudi kesho, na pengine anashukiwa kuwa ni mdanganyifu, na jetoni yake iko mkononi!

Si uvivu tu. Mashine nyingi za zamani za kupiga chapa hazikuwa na kitufe cha 1. Wapigaji walitumia l ndogo, na mazoea ya mkono hayafi upesi.

Dawa ipo, tena haina bei. Verdana, ambayo Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft ikatoka 1996, kwa mbali inafanana na Arial. Tazama I yake kubwa: ina vijiti viwili vilivyolala, kimoja juu, kimoja chini. l ndogo imesimama uchi. Times New Roman nayo inaivalisha I namna hiyo. Aina hizo ziko tayari kwenye kompyuta nyingi za sekretaria za mjini, kwa hiyo kisingizio hakuna.

Wengine watasema majina yote yaandikwe kwa herufi kubwa. Inasaidia, maana kosa litaonekana wazi: LLUNGA. Lakini namba za jetoni zenye O na 0 pamoja zitaendelea kusumbua. Heri O iondolewe kabisa.

Kabla ya kuchapa orodha, anayeiandaa aandike I, l na 1 kwenye mstari mmoja, amwonyeshe shefu wa kartye. Asipozitofautisha, aina ya herufi ibadilishwe siku hiyohiyo. Na familia ikiambiwa jina halipo, iombe litafutwe pia kwa l ndogo, kule kwenye L.