Wageni pekee hawataokoa kiwanda cha majahazi Matondoni

MATONDONI, kijiji kilichoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kimejulikana kwa vizazi vingi kwa kazi ya kuunda vyombo vya baharini. Ufuoni hapo fundi hulaza mkuku, akasimamisha mataruma na kupigilia mbao bila mchoro wa karatasi, kisha nyufa hukalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta.

Kazi hiyo imepungua. Boti za fibaglasi zimeteka wateja, nazo mbao zimeadimika. Serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, mikoko nayo ilihusishwa, ilhali Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote nchini.

Dawa inayopendekezwa mara kwa mara ni turathi: ufuo ugeuzwe kivutio, watalii waje kutazama. Wazo lenyewe si baya. Hata hivyo, Lamu inajua jinsi wageni wanavyotoweka. Walitoweka baada ya utekaji nyara wa 2011, wakatoweka tena kufuatia mashambulizi ya Mpeketoni mwaka wa 2014, na janga la Covid-19 likawafungia njia mwaka wa 2020. Fundi anayetegemea kutazamwa angelala njaa mara zote tatu.

Isitoshe, hadhi ambayo UNESCO iliipa Lamu mwaka wa 2001 inahusu Mji Mkongwe, yaani nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi. Ufuo wa Matondoni haumo.

Sur, mji wa Oman ambao majahazi yake yalikuwa yakishuka pwani hii kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, ulilirejesha nyumbani jahazi Fath al-Khair kutoka Yemen mwaka wa 1993 na kuliweka nchi kavu kama kumbukumbu. Ni heshima kubwa, ila chombo kisichogusa maji hakimlishi fundi.

Mfano wenye manufaa zaidi ulitoka Lamu kwenyewe. Flipflopi, jahazi la mita tisa lililoshushwa majini mwaka wa 2018, liliundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa vipande vya ndala, kisha mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Wengi walistaajabia plastiki. Lililostahili kutazamwa zaidi ni kwamba mafundi waliikata na kuiunga kama mbao, kwa ujuzi wao ule ule wa jadi.

Kaunti ya visiwa haiwezi kukosa haja ya vyombo vya kuvusha wanafunzi na wagonjwa. Sehemu ya zabuni hizo ikitengewa Matondoni, pamoja na kibali cha mbao kutoka shamba la miti lililopandwa kwa ajili hiyo, turathi itakuwa na mshahara.

Ufundi huu hurithiwa kwa kushika randa kando ya baba au mjomba. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka wa 2021, kijana asiye na chombo cha kuunda ana mahali pengine pa kutafuta kibarua, ng'ambo tu ya maji.