Sinki la Mashua Halitaki Dawa, Lataka Kipimo

Mashua za matanga za wasafiri wa mbali hutia nanga Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na mafundi wetu huitwa kuzitengeneza. Miongoni mwa kazi wanazopewa, moja huonekana duni mno: sinki la jikoni ambalo maji yake hayashuki upesi. Kwa kawaida hutumika tiba ya nyumbani: kumimina kostiki, kuchokoa kwa waya, na ikishindikana, kununua pampu. Kwa maoni yangu njia hiyo ni ya makosa, kwa sababu huanza na dawa kabla ugonjwa haujajulikana.

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Fizikia huongeza kwamba mkondo huo huzaliwa na tofauti ya kimo. Katika mashua, maji machafu aghalabu hutokea kwenye tundu la ubavuni lililo chini ya uso wa bahari. Hapo kinachoyasukuma si urefu wote wa bomba, bali ni kimo kilichopo baina ya maji ya sinki na uso wa bahari, nacho chaweza kuwa sentimita 10 tu. Evangelista Torricelli, mwanasayansi wa Italia wa karne ya 17, alionyesha kuwa kasi ya maji hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Basi, tukiuacha msuguano kando, kimo cha sentimita 40 huleta kasi ya mita 2.8 kwa sekunde. Cha sentimita 10 huleta mita 1.4, yaani nusu yake.

Ndiyo sababu mashua iliyojazwa maji ya kunywa na mafuta hukawia kumwaga: chombo kimezama zaidi na kimo kimepungua. Upepo ukikilaza chombo nyuzi 20, sinki lililo mita 1 kutoka katikati, kwa upande ulioinama, hushuka karibu sentimita 34. Bahari yaweza kupanda mpaka ndani ya sinki. Hakuna kostiki iwezayo kuponya hali hiyo.

Sababu nyingine zipo, na kila moja ina dalili yake. Mpira uliolegea hufanya tumbo. Maji hutuama humo na kunasa hewa, na sinki huguguma. Tiba yake ni kuufunga mpira uteremke moja kwa moja. Mafuta ya kupikia hupoa na kuganda kutani. Haya huondolewa kwa maji ya moto na sabuni. Mpira mwembamba nao huzuia: ukipunguza kipenyo kwa nusu, maji yapitayo hupungua zaidi ya mara tano. Mwisho, viumbe wa baharini wenye magamba huota kwenye tundu. Mabaharia wetu wa zamani, waliopaka deheni chini ya majahazi, waliwajua vema maadui hawa.

Hapa ndipo hatari ilipo. Fundi afunguaye mpira bila ya kwanza kufunga vali ya ubavuni amefungua mlango wa bahari. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Na ikiwa kostiki ilimiminwa jana, ingali imetuama bombani ikingojea kumchoma macho na mikono. Vali ijaribiwe kwanza, na kizibo cha mti mwororo kiwe karibu, kabla ya kibano chochote kulegezwa.

Yupo atakayesema kuwa fundi hulipwa kwa kazi iliyokwisha, si kwa hesabu. Lakini kipimo chenyewe hakidai maabara. Mpira wa maji ambao mwashi husawazishia msingi watosha: ncha moja ishikwe usawa wa sakafu ya sinki, ya pili ining'inizwe nje ya ubavu, kisha upimwe umbali kutoka maji ya mpirani hadi bahari. Ikiwa kimo ni kikubwa, kizuizi kitafutwe. Ikiwa ni kidogo mno, mwenye chombo aambiwe ukweli: apunguze mzigo, ainue sinki, au atie pampu, na kabla ya kutweka matanga, vali ifungwe.

Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha mikono kukaza na kulegeza. Havina budi kufundisha pia kuuliza ni nguvu gani inayosukuma maji, na ni kitu gani kinachoizuia. Mwanafunzi aliyelielewa sinki la mashua atauelewa pia mfereji wa shamba na mtaro wa mji, maana sheria ni moja. Mafundi wa namna hiyo ndio tunaowahitaji.