Filamu za hali halisi na haki za kazi na makazi Unguja

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoanzishwa mwaka 1997, huonyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Jukwaa lipo, basi. Hata hivyo, migomo mikubwa ya Unguja yenyewe inafahamika zaidi kupitia vitabu.

Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, waliomiliki vibanda lakini si ardhi iliyo chini yake, waligoma kuwalipa wenye viwanja kodi ya ardhi. Miaka 20 baadaye, Agosti na Septemba 1948, makuli wa bandarini waligoma kudai mishahara bora, na mgomo ukaenea mjini. Adam Shafi aliusimulia katika riwaya yake *Kuli* (1979).

Kwingineko waongozaji filamu weusi waliwahi mapema. Madeline Anderson wa Marekani alitoa *I Am Somebody* (1970) kuhusu mgomo wa 1969 wa wafanyakazi weusi wa hospitali mjini Charleston, wengi wao wanawake. Msimulizi ni mmoja wa wagomaji, na hapo ndipo nguvu ya filamu ilipo. Nchini Kenya, Zippy Kimundu na mwenzake Meena Nanji walimfuata Wanjugu Kimathi, binti wa Dedan Kimathi, akidai ardhi kwa ajili ya wapiganaji wa Mau Mau (*Our Land, Our Freedom*, 2023).

Waliogoma 1928 hawawezi tena kuhojiwa. Lakini Mji Mkongwe, Urithi wa Dunia tangu 2000, una nyumba nyingi zilizogeuzwa hoteli, na waliowahi kupanga humo, pamoja na wanaotandika vitanda humo sasa, bado wanaweza kusimulia wenyewe.