Maoni: Mafuta ya freni hayaishi kama esansi

Wiki mbili zilizopita nilitoka Bukavu kuja Uvira ndani ya taksi, abiria sita na mizigo juu. Tulipofika Nyangezi, kabla ya kuanza mtelemko wa Ngomo, taa nyekundu ikawaka kwenye tablo, ile yenye duara na alama ya mshangao katikati. Dereva hakushtuka. Alisimama, akafungua kapo, akatoa chini ya kiti chupa iliyobaki nusu, akamimina kidogo. Taa ikazimika. «Tuende», akasema.

Nikamuuliza: yale ya kwanza yameenda wapi?

«Papa, yamekwisha. Hata esansi inaisha.»

Ni juu ya jibu hilo ninaandika leo, maana nimelisikia kwa madereva wengi wa barabara hii, hata kwa mafundi wa garaji, na si kweli. Esansi inaungua. Mafuta ya freni hayaungui. Yamefungwa ndani ya mabomba kuanzia kwenye pedali mpaka kwenye magurudumu, na kazi yake ni kusukuma tu. Yakipunguka, karibu kila mara ni moja kati ya mambo mawili: plaketi zimelika, ama mafuta yanavuja.

Plaketi zikilika, pistoni inasogea mbele kidogo kidogo kuzifuata, na mafuta yanajaza nafasi iliyobaki nyuma yake. Ndiyo maana kiwango kwenye kopo kinashuka polepole, kwa miezi. Plaketi mpya ina unene wa karibu milimita 10. Ikibaki 3, badilisha. Ukiongeza mafuta bila kuangalia plaketi, siku utakapoweka mpya yatafurika, na yakimwagika juu ya rangi ya gari yanaibandua.

Kuvuja ndiko kunatuua. Ukijaza leo na taa irudi keshokutwa, usitafute chupa nyingine, tafuta tundu. Kwanza hakikisha freni ya mkono imeshushwa vizuri, maana katika magari mengi taa ni ileile moja. Kisha angalia kopo: kiwango kiwe kati ya MIN na MAX. Halafu inama. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu, mipira ya freni, na mabomba ya chuma ambayo mawe ya barabara zetu yanayapiga kila siku. Gusa tapi chini ya pedali, kama imelowa. Kuna magari ambayo ambreyaji inakunywa kwenye kopo hilohilo, kwa hiyo nayo ichunguzwe. Mwisho, gari ikiwa imesimama na injini inazunguka, kanyaga pedali na uishikilie kwa nusu dakika. Ikizama polepole chini ya mguu wako, abiria washuke.

Wapo wanaoongeza maji. Mtu wa Kivu ya Kusini anayefanya hivyo hajafikiri anaishi wapi. Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika karibu 770, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaishuka pale Ngomo, ukuta upande mmoja, shimo upande mwingine. Wenye uwezo wanapitia Rwanda kwenye lami. Sisi wengine tunashuka. Freni ikishikwa muda mrefu inapata moto mkali. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230. Maji yanachemka kwa 100, tena kwa kimo chetu hata chini ya hapo. Yakigeuka mvuke, mguu unabana mvuke badala ya kusukuma freni, pedali inafika chini, na gari inaendelea. Mafuta ya injini nayo si suluhisho: yanavimbisha raba za freni mpaka zinaharibika. Chupa halali ya mafuta ya freni haifiki nauli ya abiria mmoja hadi Uvira.

Lakini sitaki kumlaumu dereva peke yake. Siku ile alimpigia mwenye gari, simu ikiwa kwenye sauti kubwa, na sote tulisikia: «Tia mafuta, ufike, tutaongea kesho. Na versement usisahau.» Dereva atafanya nini? Akilala njiani, jioni anadaiwa pesa yote. Wengine wamefika mahali pa kukata waya wa taa ili abiria wasiogope. Ninasema wazi: siku taa ya freni inawaka, hakuna versement. Hasara ya siku hiyo ni ya mwenye gari, kama vile faida ni yake. Vyama vya madereva vinavyokusanya pesa kwenye parkingi kila asubuhi vinaweza kuweka sheria hiyo, wala haihitaji Kinshasa.

Na polisi wa barabara, mnaotuomba karatasi kila kizuizi, mwambieni dereva azungushe kontakti. Katika magari mengi taa hiyo inawaka kwanza, kisha inazimika. Isipowaka kabisa, muulizeni kwa nini.

Pale Nyangezi mimi nilikataa kupanda tena. Kijana wa garaji ya kando ya barabara alilala chini, akakuta gurudumu la nyuma la kushoto limelowa kwa ndani: raba ndogo ndani ya tamburi ilikuwa imepasuka. Piesi ililetwa na motari kutoka Bukavu, dereva akailipa kwa nauli zetu. Wakaifunga, wakatoa hewa, mmoja akikanyaga pedali, mwingine akiwa chini. Masaa manne. Mama mmoja mwenye mifuko ya viazi alinigombeza muda wote, kwamba soko litamfungia kwa sababu ya papa mmoja mwoga.

Tulishuka Ngomo kwa gia ya pili. Tulifika Uvira saa mbili ya usiku. Mama wa viazi hakuniaga.