Mwenye gari asigeuzwe mpelelezi

SAFU YA NDAHANI
Na Eliya Ndahani, Dodoma

Ukitoka nje alfajiri ukakuta kioo cha gari kimevunjwa, redio imeng'olewa na droo ya dashibodi imemwagwa juu ya kiti, mkono utakuwasha kufanya mambo mawili: kufagia vipande vya kioo, na kuingia ndani kuangalia kilichosalia. Usifanye lolote kati ya hayo.

Kuna jambo la tatu ambalo nalisikia kwa majirani na kwa vijana wa vyuo huku Chimwaga. Mtu anasaga ncha ya penseli mpaka iwe unga mweusi, anaazima brashi ya vipodozi, anaipitisha taratibu juu ya kioo, kisha anabandika selotepu na kuibandua. Alama ya kidole inatokea kweli. Anaibandika kwenye karatasi nyeupe, anaipeleka kituoni pamoja na namba yake ya RB, yaani ya taarifa aliyoandikisha polisi, halafu anarudi nyumbani na karatasi ile ile mkononi, kwa kuwa hakuna aliyejua aifanyie nini.

Ninamwelewa mtu huyo na sitaki abezwe. Sait mira mbili na swichi ya pawa windo zikiibwa, mwenye gari amepoteza fedha ambayo huenda ilikuwa ada ya mtoto. Mwenye bima kubwa ana pa kupeleka RB yake. Mwenye bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hana, kwa sababu bima hiyo hailipi wizi wa mali yake mwenyewe. Anabaki na karatasi na hasira. Ndiyo maana anashika brashi. Lakini kazi anayoianza pale hawezi kuifikisha mwisho, na mara nyingi anaharibu hata kile ambacho mwingine angeweza kukitumia.

Alama tunayoiacha tukigusa kitu ni jasho na mafuta ya ngozi, na sehemu kubwa ya jasho ni maji. Unga hushika penye unyevu na mafuta, basi penseli inafanya kazi kwa kanuni ile ile ya unga wa polisi. Sasa itazame hali ya hewa yetu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, upepo wa uwanda huu unavuma mchana kutwa, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Alama iliyoachwa saa nane za usiku kwenye bati la mlango, ikishapigwa na jua mpaka saa sita mchana, maji yake yamekwisha, na unga unabaki kutegemea mafuta machache yaliyosalia. Anayesubiri polisi hadi jioni, au hadi kesho yake, anasubiri huku ushahidi ukikauka mbele ya macho yake.

Halafu kuna vumbi, na hapa nataka wenye magari wa Dodoma wanisikilize vizuri. Gari lililolala nje Nkuhungu, Ilazo au Iyumbu linaamka limevaa vumbi jekundu. Kibaka akigusa kioo cha namna hiyo, kidole chake hunyanyua vumbi, na mistari ya ngozi inabaki imechorwa ndani ya vumbi lenyewe. Alama hiyo unaweza kuiona kwa macho ukiinama kidogo. Haipakwi unga hata siku moja. Brashi ikipita mara moja imefutika, na hakuna mtaalamu atakayeirudisha. Inapigwa picha kwanza, mwanga ukitoka pembeni, kisha inanyanyuliwa kwa karatasi maalumu yenye jeli. Ushauri wa penseli na selotepu unaozunguka kwenye simu zetu unafaa kioo safi. Ukiufuata ulivyo kwenye gari lenye vumbi la hapa, umefuta alama nzuri kuliko zote ulizokuwa nazo.

Risiti na karatasi zilizotupwa sakafuni nazo si za unga. Karatasi hunywa jasho, na alama yake hutolewa maabara kwa kemikali iitwayo ninhidrini.

Tuchukulie kwamba kila kitu kimekwenda sawa na una alama safi kwenye selotepu. Ni ya nani? Gari lako wamelishika watu wengi wasio na hatia: mkeo au mumeo, watoto, fundi wa gereji, kijana wa kuosha magari, jirani uliyempa lifti. Tena alama haiandiki tarehe. Hakuna awezaye kuitazama na kusema kwa uhakika kwamba ni ya jana usiku na si ya wiki iliyopita. Kwa hiyo mpelelezi makini huanza kwa kuchukua alama za wote wanaoligusa gari kihalali ili aziondoe kwenye hesabu, kisha zile zisizo na mwenyewe ndizo anazozitafuta kwenye kumbukumbu za wahalifu. Kumbukumbu hizo ziko polisi, chini ya kamisheni ya uchunguzi wa kisayansi, na ni sawa zikae huko. Wewe na selotepu yako huna cha kuilinganisha nayo.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko mahakamani. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama ipokee maoni ya mtu mwenye utaalamu pale inapotaka kujua alama ya kidole ni ya nani. Lakini mtaalamu hulinganisha kile alicholetewa. Wakili wa mshtakiwa atauliza: kililetwa na nani, kilitoka wapi, kilikaa wapi kabla ya hapo? Kanuni ya swali hilo imewekewa msingi hapa hapa mjini kwetu. Mahakama ya Rufani, ikiwa Dodoma, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007 ambayo wanasheria wanaiita kesi ya Maduka, ilieleza kwamba kielelezo lazima kiwe na kumbukumbu zinazofuatana tangu kilipochukuliwa, kilipotunzwa, kilipopita mkono kwa mkono, kilipochunguzwa, hadi kinapofika mbele ya hakimu. Baadaye, katika rufaa namba 485 ya 2015, mahakama hiyo hiyo ililegeza kamba kidogo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa au kuchezewa.

Kipande cha selotepu kiko upande gani? Hakuna kitu rahisi kubadilisha kuliko hicho. Vyote vinafanana. Ningeweza kumshika mkono kijana ninayemchukia, nikanyanyua alama yake kwenye glasi aliyonywea maji sebuleni kwangu, nikaapa kwamba nimeitoa kwenye gari. Mahakama inapokataa selotepu ya mwenye gari inamlinda kijana huyo, nami naiunga mkono kwa moyo wote, hata siku ambayo gari lililovunjwa litakuwa langu.

Wataalamu wenyewe wamewahi kukosea vibaya. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni ya Madrid, wachunguzi wa FBI wa Marekani walitangaza kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ni ya Brandon Mayfield, mwanasheria wa jimbo la Oregon. Alikamatwa na kuwekwa ndani. Polisi wa Hispania walikuwa na mashaka tangu mwanzo, na mwishowe wakaonyesha kwamba alama ile ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. Hao walikuwa watu waliosomea kazi hiyo na wenye mashine. Mtaani kwetu, jina likishatajwa saa mbili asubuhi mbele ya kioo kilichovunjwa, linaweza kufuatwa na mawe na tairi kabla ya saa nne. Tumesoma mara nyingi mno habari za wananchi wenye hasira kali. Sitaki kuona mtu anauawa kwa sababu mwenye gari alidhani anajua kusoma mistari ya kidole.

Nikishasema hayo, siwezi kumwacha mwenye gari peke yake na subira yake, kwa maana lawama kubwa haiko kwake.

Serikali za Afrika Mashariki zimezijua alama za vidole kwa muda mrefu. Utaratibu wa kuzipanga ulikamilishwa Kalkuta mwishoni mwa karne ya 19, na waliofanya kazi ngumu ya hesabu zake ni maofisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa sifa ilikwenda kwa mkubwa wao Mwingereza, Edward Henry. Polisi wa London waliuanza mwaka 1901. Nchini Kenya, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, wanaume Waafrika walichukuliwa alama za vidole na kulazimishwa kubeba kipande ndani ya kikasha cha bati shingoni, ili mwajiri na polisi wajue nani kaacha kazi bila ruhusa. Huku kwetu kidole kilianza kwa kumfuatilia mtu. Kumtetea aliyeibiwa hakukuwamo katika mpango ule.

Katika zama zetu tumetoa vidole tena, kwa hiari na kwa sababu zinazoeleweka. Tulivitoa NIDA kwa ajili ya kitambulisho cha taifa. Tulivitoa kusajili laini za simu, zoezi lililoanza Mei 2019 na kufikia ukomo 20 Januari 2020, baada ya Rais Magufuli kuongeza siku 20. Watu walipanga foleni juani, wazee ambao mistari ya vidole imelika kwa jembe wakirudishwa mara ya pili na ya tatu kwa sababu mashine haiwasomi. Nchi iliyoweza kufika kila kata na mashine ya kusoma kidole cha mkulima haiwezi kushindwa kufika Area C na brashi.

Nieleweke: siombi kanzidata ya NIDA ifunguliwe ili kutafuta mwizi wa redio. Wananchi walitoa vidole kwa shughuli maalumu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tuna haki ya kudai vitumike kwa shughuli hiyo. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Jeshi la Polisi limepanga wakaguzi katika kata, na ni jambo jema. Kila mkaguzi apewe mkoba: unga wa aina mbili, mweusi na mweupe, brashi, utepe, karatasi za jeli, rula ya kuwekea kipimo kwenye picha, bahasha na fomu za vielelezo. Afundishwe kuvitumia, na apimwe kwa jambo moja zaidi, nalo ni kufika kabla jua halijawa kali. Vibaka wa sait mira hawavunji gari moja. Kidole cha Makole kikilinganishwa na cha Kisasa na cha Nzuguni, mtandao wao unaanza kuonekana, na anayekamatwa mara ya kwanza anajibu kwa magari yote. Wizi huu mdogo unatunza wezi wakubwa na soko la vipuri lisilouliza maswali, na kuuacha bila uchunguzi ni kuwalea.

Mwenye gari naye ana kazi, tena ya maana. Asiguse, na azuie wengine wasiguse. Apige simu kituoni au 112. Amwite mwenyekiti wa mtaa aje aone kwa macho yake, maana shahidi asiye na upande ana uzito. Apige picha kwa simu: kwanza gari zima na mahali lilipo, kisha sehemu iliyovunjwa, kisha alama yoyote anayoiona, rula au sarafu ikiwa pembeni bila kuigusa alama, na tochi ikimulika kwa ubavu. Picha hizo aziache ndani ya simu kama zilivyo, asizikate wala kuziongezea rangi, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaiwezesha mahakama kupokea ushahidi wa kielektroniki, na miongoni mwa mambo inayoyatazama ni kama umetunzwa bila kubadilishwa. Mawingu yakitanda aweke karatasi ngumu au beseni juu ya sehemu yenye alama. Akilazimika kuondoa kitu, jiwe lililotumika au bisibisi iliyosahauliwa, akishike kwenye kingo na kukitia ndani ya bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu alama. Aandike juu ya bahasha saa, mahali na jina lake, kisha amkabidhi askari kwa maandishi. Na aandike orodha ya wote walioligusa gari mwezi ule.

Haya yote ni ushahidi wake halali, aliouona mwenyewe, na anaweza kusimama kizimbani kuusema bila kutetereka.

Bunge la bajeti hukaa hapa mjini kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni, na makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi husomwa humo. Wabunge wanalaza magari yao kwenye mitaa hii hii tunayolaza yetu. Nawaomba wawili au watatu kati yao wasimame siku hiyo wamuulize Waziri maswali haya: ni vituo vingapi vya polisi katika Mkoa wa Dodoma vina vifaa vya kuchukua alama za vidole, ni askari wangapi waliofunzwa kuvitumia, na katika mwaka uliopita ni magari mangapi yaliyovunjwa yalifikiwa na mmoja wao ndani ya siku ile ile.